Barua Moja kwa Wodi Nzima

Jumatatu, 3 Machi

Kwaresima inaanza keshokutwa na tayari nimetenda dhambi ya dharau. Kabla hata ya chai ya saa nne!

Sista mlezi wetu alitukusanya wanafunzi Wakatoliki wote kwenye maabara, chumba pekee kilichokuwa wazi, akatangaza tendo letu la huruma la mwaka huu. Hatufagii kanisa. Hatukusanyi sabuni. Tutaandika! Kila mmoja barua ya imani kwa mgonjwa wa wodi ya wanawake, hospitali ya hapa juu. Alisema kalamu nayo inahubiri. Moyo wangu uliruka. Kuandika ndicho kitu pekee ninachokiweza bila kuombewa.

Kisha akageukia ubao akaandika barua nzima. Mfano, alisema. Halafu akasema tusibadili hata neno, maana mwaka juzi kuna mtu aliandika kwamba toharani kuna foleni.

Nainakili hapa ili nisisahau jinsi maneno yanavyoweza kuwa debe tupu: "Mpendwa katika Kristo, ninakuandikia wewe peke yako, kwa kuwa nimeuona uso wako katika sala. Mateso yako ni lulu mbele za Mungu. Usilie. Jua litachomoza."

Lulu! Nani aliyewahi kuumwa jino akasema, jamani, nina lulu?

Kadinali alipiga makofi. Kadinali ndiye mwenyekiti wetu. Tulimpa jina hilo kwa sababu hata akiomba ruhusa ya kwenda chooni anaomba kwa sauti ya misa. Alisema machozi yanamlengalenga. Hayakuwa yanamlenga. Nilikaa karibu naye.

Jumanne, 4 Machi

Wananakili. Darasa zima limeinama kama kuku wanaokunywa maji: kichwa juu ubaoni, kichwa chini daftarini. Jirani yangu, ambaye tunamwita Redio kwa kuwa hazimiki, ameandika barua yake huku akisimulia harusi ya binamu yake. Nikamuuliza, huyo uliyeuona uso wake katika sala yukoje? Akasema, mnene kidogo. Akaendelea na harusi.

Mwingine amechora moyo wenye mabawa. Mwingine amepulizia barua manukato. Kwa mgonjwa! Anayetapika pengine!

Mimi nitaandika ya kwangu. Bahasha zitafungwa. Nani atajua?

Jumatano ya Majivu, 5 Machi

Nimemaliza. Kurasa mbili. Nimeanza na majivu, nikaja kwenye mbegu inayooza ili izae, nikapita kwa watakatifu watatu, nikamalizia na mshumaa unaojitoa ili wengine waone. Nimeisoma kwa sauti chumbani. Ilipofika kwenye mshumaa, ngozi ilinisisimka.

Mama aliuliza kutoka upande wa pili wa pazia kama nina homa.

Ni nzuri. Sitajifanya mnyenyekevu humu ndani, hakuna anayenisoma. Ni nzuri mno. Namwona mgonjwa wangu: mwanamke mtulivu, mikono juu ya shuka, anasoma, anafumba macho. Anamwita padre. Labda hata anapona kidogo.

Jumamosi, 8 Machi

Ee Mungu wangu, nisamehe, sijawahi kucheka hivi.

Tulifika wodini saa za kuona wagonjwa. Dawa ya kusafishia sakafu ilituchoma pua. Vitanda pande mbili, madirisha juu, ndoo za plastiki chini ya kila kitanda. Kadinali akaanzisha wimbo kwa sauti ya juu mno, wote tukabaki tunaning'inia kama nguo kwenye kamba. Tukagawa bahasha. Sista akasema zisomeni taratibu, mama zetu.

Wakafungua. Mtu mmoja akafuta jicho. Kadinali akanitazama kama aliyeshinda vita.

Kisha mama mmoja aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo akaanza kusoma kwa sauti, ili jirani yake asiyejua kusoma asikie: "Ninakuandikia wewe peke yako..." Na kitanda cha ng'ambo kikaitikia, "...kwa kuwa nimeuona uso wako katika sala." Kitanda cha mlangoni: "Mateso yako ni lulu..." Wodi nzima kwa pamoja: "...mbele za Mungu!" Kama litania! Mmoja anatangulia, wengine wanapokea. "Usilie!" — "Jua litachomoza!"

Mama mwenye mshono alicheka akishika tumbo kwa mikono miwili. "Jamani nipasueni mniue! Mimi peke yangu, na wewe peke yako, na yule peke yake! Mmetuona nyuso zote kwa mara moja, watoto, au mlipanga foleni?"

Redio alijificha nyuma yangu. Sista alikuwa mwekundu mpaka kwenye kitambaa cha kichwa. Kadinali alinong'ona kwamba Shetani anapigana na utume wetu. Shetani! Shetani angeandika vizuri zaidi.

Ni mmoja tu ambaye hakucheka. Kitanda cha mwisho, dirishani. Bibi mwembamba mwenye miwani, mguu wa kushoto umefungwa bandeji na kuinuliwa juu ya mto. Barua yangu ilikuwa mkononi mwake — niliijua kwa unene wake. Alipomaliza kuisoma, akaikunja, akamwita muuguzi. Alisema: nikusanyie barua zote. Na kalamu nyekundu, ile mnayoandikia chati.

Nilifikiri anataka kuzihifadhi.

Jumatatu, 10 Machi

Zimerudi. Zote. Muuguzi alizileta kwa Sista ndani ya mfuko wa dawa.

Zimesahihishwa.

Bibi yule ni mwalimu mkuu mstaafu. Wodi nzima inamwita Bibi Mwalimu, na wauguzi wanamwogopa kuliko daktari. Kila barua ina wino mwekundu: "Umenakili. Sifuri." "Umenakili, na mwandiko mbaya. Sifuri." Ya yule wa moyo wenye mabawa: "Moyo hauna mabawa. Sifuri." Ya Kadinali: "Umenakili kwa kujivuna. Sifuri."

Nilikuwa nikifurahi mpaka tumbo likaniuma. Kisha Sista akainua kurasa mbili nilizozijua.

"Nne kwa kumi. Maneno mazuri. Nani kayasema?"

Nani kayasema! Mimi! Mimi niliyekaa jioni nzima! Darasa likageuka kunitazama. Redio akasema, basi wewe ndiye wa kwanza, hongera. Angekuwa mtu mwingine ningemrushia kiatu.

Sista hakuniadhibu kwa kutotii. Alisimama kidogo na zile karatasi, kisha akasema kwa sauti ambayo si ya darasani, "Kosa lilikuwa langu. Niliogopa mtakosea mafundisho, nikawafundisha kutosema kitu." Nilitaka kumdharau. Sikupata pa kushika. Akaniambia Jumatano tutakwenda wote wawili, nimpelekee Bibi jibu mwenyewe.

Jumanne, 11 Machi

Jibu nimeandika. Kurasa nne. Kama hakuuona mshumaa, nimempa na taa ya patakatifu, na nyota, na jiwe lililoviringishwa kaburini. Atajua ameandikiwa na nani.

Mikono ya Mama imevimba leo. Amesuka tangu asubuhi. Bibi harusi na wapambe wake wote walitaka mtindo mmoja. Nimemkanda vidole kwa maji ya moto. Aliuliza ninaandika nini kila siku. Nikasema, imani. Akasema vizuri, akasinzia akiwa amekaa.

Jumatano, 12 Machi

Tatu kwa kumi.

Tatu! "Umeongeza maua tu." Aliandika mbele yangu, kwenye goti lake zima, huku mimi nimesimama kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilikuwa nimemwamkia shikamoo kwa adabu zote. Aliitikia marahaba bila kuinua macho.

Nilimwambia — sijui nilipata wapi mdomo — kwamba barua ya imani si insha. Alivua miwani. "Ndiyo maana nakupa alama za insha, binti. Imani sijaiona bado." Kisha: mimi nilibatizwa kabla Sista wenu hajazaliwa. Usinieleze mshumaa. Nimewasha mishumaa mingi kuliko meno yako.

Kutoka kitandani kwake mama mwenye mshono akasema, "Bibi, mwache mtoto wa watu, atalia."

"Alie. Karatasi ni kavu mno."

Muuguzi alituvuta pembeni mimi na Sista. Kisukari. Kidonda kilianzia kidoleni, sasa kimepanda hadi juu ya kifundo. Daktari anataka kukata chini ya goti, na kila siku anayochelewa atakata juu zaidi, mpaka pasiwe na pa kukata. Bibi hataki kutia saini. Mwanawe wa kiume amekuja, amelia, ameondoka. Padre amekuja, ameongea juu ya mbingu, ameondoka. Muuguzi alisema, msimpotezee muda na nyinyi.

Nilirudi kitandani peke yangu. Nikauliza kwa nini. Kwa dharau, ndiyo — nilimwona mjinga. Mtu anayejua kusoma na kuandika, anaacha mguu uliooza umuue kwa kiburi!

Hakukasirika. Alitazama bandeji yake kama mtu anayetazama mgeni asiyeaga.

"Kila anayekuja hapa ananiuzia mbingu. Hakuna hata mmoja aliyeniambia nitaingiaje bafuni. Naishi peke yangu. Nimesimama mbele ya watu maisha yangu yote, sikuwahi kufundisha nimekaa. Sasa nikianguka pale kwenye sabuni, nani atajua? Mshumaa wako?"

Akanirudishia kurasa zangu nne.

"Niandikie jambo moja ambalo hukulisoma popote. Moja. Kama huna, usirudi. Nina haki ya kufa bila kusahihisha takataka."

Njiani nilikuwa nikimtukana Bibi moyoni kwa kila jina ninalolijua, na katikati ya matusi nikasikia ninasema, usife, usife, usife, mzee mbaya wewe.

Alhamisi, 13 Machi

Hakuna. Nimeanza na kufuta. Kila sentensi ina mtu mwingine ndani. Nikiandika "neema", ni Sista. "Faraja", Kadinali. "Msalaba", kitabu cha njia ya msalaba, ukurasa wenye doa la nta.

Je, mimi nimewahi kuamini kitu ambacho hakikuandikwa ubaoni?

Kadinali alinijia wakati wa mapumziko. Anataka tuandike upya barua zote, safari hii kila mtu na mfano wake, na yeye atazipitia. Nikamwambia apitie za kwake kwanza. Akasema, "Nilijaribu jana. Nilifika 'Mpendwa' nikakwama." Na machozi yakamlenga. Ya kweli, niliyaona. Nilimwacha pale. Sikuwa na nafasi ya kumhurumia mtu mwenye tatizo langu.

Ijumaa, 14 Machi

Nilimpelekea mwenyewe baada ya shule. Ukurasa mmoja, haujajaa. Niliandika wakati wa Hisabati, haraka, bila kupiga rasimu. Nanukuu kwa kumbukumbu, maana karatasi amebaki nayo:

"Bibi Mwalimu, shikamoo. Mama yangu ni msusi, anasimama kutwa. Akija kulala anashika rozari, nami namsikia upande wa pili wa pazia. Hafiki mbali. Kumi la tatu kati ya matano, akijitahidi sana la nne, sauti inakatika. Tena inakatika pabaya: 'sasa na saa ya—' basi, kabla ya 'kufa kwetu'. Amelala. Mimi siwezi kulala na sala iliyokatwa hivyo, inaniudhi kama bomba linalodondosha maji. Kwa hiyo namalizia. Si kwa ibada. Kwa hasira. Namalizia kumi lake na mengine yote mpaka Salamu Malkia ya kufungia. Asubuhi anasema, jana nimesali vizuri, nimefika mwisho. Sijawahi kumwambia. Nikisali nia zangu mwenyewe sisikii kitu, na sijui kama kuna anayesikia. Lakini ya Mama sijawahi kuiacha. Hilo sikulisoma popote. La bafuni silijui. Nimemuuliza fundi seremala wa mtaani kwetu, amesema vyuma vya kushikia ukutani vinawekwa na stuli ya kuogea inatengenezwa, na kwamba siyo kazi kubwa."

Aliisoma. Akarudia. Nilitazama kalamu nyekundu. Haikusogea. Ilikuwa mezani karibu na kikombe.

"Mama yako hajui?"

"Hajui, Bibi."

"Usimwambie."

Kisha akauliza huyo seremala ni wa kutegemewa au ni wa njoo kesho. Nikasema wa njoo kesho, lakini nitamsimamia. Akatoa sauti puani. Akageukia dirisha. Basi! Hakusema asante, hakusema neno juu ya mguu. Nilingoja mpaka kengele ya kumaliza saa za wageni. Muuguzi akanitoa.

Nimerudi nimekasirika. Nimeandika kitu cha kweli kwa mara ya kwanza maishani na mtu ameniuliza habari za seremala.

Jumamosi, 15 Machi

Niko wodini. Naandika hapa hapa, kwenye kiti cha wageni, kwa sababu siwezi kungoja bila kufanya kitu.

Nilipoingia, kitanda cha dirishani kilikuwa kitupu. Godoro limeegemezwa ukutani, mfanyakazi anafuta vyuma vya kitanda. Nilishika ukingo wa kitanda cha mtu.

Mama mwenye mshono akapiga kelele, "Hajafa! Hajafa, mwanangu, kaa chini! Amepelekwa kukatwa."

Walinieleza wote kwa wakati mmoja, ilibidi niwanyamazishe. Homa ilipanda asubuhi, daktari akasema hakuna kungoja tena. Bibi akadai miwani, akasoma karatasi ya ridhaa kuanzia juu mpaka chini, akasahihisha neno moja, akatia saini. Akiwa kwenye kitanda cha magurudumu akawaambia: yule msichana mwenye pua juu akija, mpeni miwani yangu ashike, na asivimbe kichwa, sijakubali kwa ajili yake. Kisha wakamsikia koridoni anamuuliza muuguzi kama stuli ya bafuni inauzwa madukani.

Mama wa mlangoni akasema daktari amekwenda na uso mbaya. Mama mwenye mshono akamkemea, uso wa daktari ni hivyo hivyo hata akila.

Miwani ninayo. Kioo kimoja kina ukungu.

Kadinali na Redio wamekuja pia. Sista amewaleta. Hawajaimba, Mungu ni mwema. Wamekaa kwenye vitanda vya watu kama vifaranga na hawajui waseme nini. Redio amenyamaza! Kadinali ameuliza kama anaweza kumchania nywele mama wa mlangoni, ambaye mkono wake umefungwa plasta. Anachana vibaya sana. Anavuta. Mama yangu angelia. Nimemwonyesha aanzie chini kwenda juu, na hakunijibu kwa sauti ya misa.

Mlango wa upasuaji uko mwisho wa koridoni, naona taa yake nikiinama. Bado inawaka.

Mama mwenye mshono ameniita. Ameniuliza kama hiyo kalamu yangu inaandika na barua za watu wengine, au za kwangu tu. Anataka kumwandikia dada yake. Jumatatu wanamfungua tumbo tena, mara ya tatu, na hajamwambia mtu. Nimetoa karatasi katikati ya daftari. Nimeanza, "Mpendwa dada." Akasema hapana, hajawahi kumwita mpendwa, atadhani amekufa tayari. Andika: We dada.

Naandika anavyosema. "We dada. Wananifungua tena Jumatatu. Naogopa, nilikuwa sijakuambia. Nisipoamka, mtoto akae kwako, asiende kwa shangazi yake, yule anapiga. Cherehani ni yako. Usigombane na mume wangu, hajui kitu yule, ni mwanamume tu. Leo nimeamka. Kumekucha na mimi nipo. Hapa kuna bibi mmoja anakatwa mguu sasa hivi na sote tunamngoja, na hakuna aliyegusa chakula."

Akajivutia shuka. Nilidhani amemaliza. Nikauliza, kwa adabu, kama mwanafunzi mzuri: niongeze neno la imani mwishoni?

Amenitazama kama nimemtukana mama yake.

"Sasa hayo uliyokuwa ukiandika ni nini?"

Wodi imecheka. Na mimi ningecheka, nikimwona mwingine. Shingo imeniwaka moto mpaka masikioni. Nimeandika jina lake chini, kama alivyoniambia, bila kitu kingine.

Sasa mama wa mlangoni naye ananiita, kichwa kimechanwa upande mmoja. Anasema wa kwake ni mfupi, niharakishe kabla hajaghairi. Nimemwambia aseme. Taa ile ya upasuaji imezimika. Muuguzi anatembea huku, haraka, amevua barakoa, anatazama vitanda kana kwamba anamtafuta mtu, na mama wa mlangoni hajaona, amekwisha kuanza: andika, mume wangu, ile siku uliyoondoka mimi sikuwa nimelala—